Pikipiki za Kijani za Akina Mama wa Arorangi

Mama mwenzangu, siku ukiambiwa waranti imekwisha, usiseme asante ukaenda zako. Kaa chini. Uliza tena. Neno hilo nusura linichukulie mtoto, nami sitaki likuchukulie wako.

Mtoto mwenyewe ni Kairangi, binti yangu kitindamimba. Kaka zake wawili wako Auckland, ng'ambo ya bahari, hunipigia simu wakiwa wamevaa makoti ndani ya nyumba kwa baridi. Yeye ndiye aliyebaki nami hapa kijijini Arorangi, na alibaki kwa sababu ana kazi jikoni katika hoteli moja ya Muri, upande wa pili wa kisiwa. Huanza kazi kabla jua halijachomoza, saa ambazo basi bado limelala. Kwa hiyo bila pikipiki hakuna kazi, na bila kazi hakuna Kairangi. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, kijiji kizima kinajua. Mtoto akichelewa kidogo tu mimi nimeshamzika, nimeshachagua na nyimbo. Kairangi amezoea. Huniambia, "Mama, ukinizika tena wiki hii, niwekee japo andazi kaburini."

Pikipiki yake ilikuwa ya kijani. Hapa kwetu sisi akina mama wa kanisa, wa kile chama cha kushona, hatuendi mahali kila mtu na rangi yake. Kofia moja, gauni moja, kitambaa kimoja. Basi mwenyekiti wetu Mama Tungane aliposikia kontena la pikipiki linakuja katika duka la Papa Kautai mjini Avarua, akasema, "Na pikipiki je? Tutapanda kama vichekesho, huyu nyekundu, huyu bluu?" Tukaafikiana. Zikashuka pikipiki za kijani kama jani la taro, yale magimbi yetu, zote za kontena lile lile, na karibu kila nyumba ya mwanachama ikachukua moja. Mchungaji akaziombea uwanjani kwa kanisa. Tukazivika mataji ya maua kwenye taa, tukazunguka kisiwa kwa msafara, watalii wakitupiga picha kama maharusi.

Mwaka wa waranti ukapita kwa amani. Ulipokwisha tu, Kairangi akarudi siku moja akiisukuma, goti limechunika.

"Imezima," akasema.

"Imezima vipi?"

"Ilipata moto, injini ikakaza. Tairi la nyuma likakwama, nikaburuzwa nayo. Nilipogeuka lori la mchanga lilikuwa nyuma yangu."

"Karibu?"

"Mama, usiulize."

Nikauliza.

"Dereva ana jino la dhahabu," akasema, akaingia kuoga.

Ikapoa, ikawaka kama haikufanya lolote. Kesho yake ikamkazia tena kabla hajafika Titikaveka. Keshokutwa pia. Meneja wa hoteli, ambaye si mtu mbaya, akamwambia kwamba mayai ya wageni hayawezi kungoja injini ipoe, na akichelewa tena itabidi atafute mtu mwingine.

Tukaipandisha kwenye gari la jirani, tukaenda kwa Papa Kautai. Ni mtu mkubwa, shingo kama shina la mnazi, na ndiye besi ya kwanza katika kwaya yetu. Jumapili akianza kunguruma, benchi ninalokalia hutetemeka. Akatupokea vizuri. Akatazama tarehe tuliyonunua, akapuliza pumzi.

"Mama Poko, waranti imekwisha mwezi uliopita."

"Lakini ugonjwa umeanza sasa."

"Ndiyo shida yenyewe. Ni chumvi hiyo. Tunaishi na bahari mlangoni, inakula kila kitu."

"Naiosha kila jioni kwa maji ya mvua."

"Basi ni maji." Wateja wawili wakacheka, naye akafurahi kuwachekesha. "Nisikilize, mama yangu. Hiyo inataka injini mpya. Mkiwa tayari, njooni."

Fundi wake alikuwa pale pembeni akifuta mikono, mtu wa makamo kutoka Fiji anayeitwa Sakiusa. Akafungua mdomo kidogo, akamtazama bosi wake, akaufunga.

Tulipofika nyumbani Kairangi akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama, binamu Tutai ana kitanda kitupu kule Auckland. Kiwandani kwao wanaajiri."

"Itatengenezwa."

"Na nani? Papa Kautai ameshasema."

"Kwani Papa Kautai ni Mungu?"

"Hapana. Lakini ndiye mwenye vipuri." Akanishika mkono. "Nitakupigia simu kila Jumapili."

Hapo ndipo nilipochoka. Nina watoto wawili wa kwenye simu tayari. Watatu siwezi.

Siku ya kushona ilipofika nikaenda ukumbini kama kawaida. Shuka letu kubwa la tivaevae, lile linaloshonewa maua ya kitambaa, lilikuwa limetandazwa sakafuni, nasi tumelizunguka, kila mtu na sindano yake na ua lake. Wenzangu wakishona huimba au husengenya. Mimi husimulia ninayoogopa. Basi nikasimulia yote, moto, kukaza, lori, jino la dhahabu, kitanda cha Tutai. Nilipofika kwenye kitanda nikainua uso nione nani ananionea huruma.

Hakuna aliyekuwa akinitazama. Sindano zote zilikuwa zimesimama.

Mama Moeroa, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na ndiye anayetukatia maua yote, akauliza taratibu, "Inakaza ikipata moto?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu ikipoa inawaka, imekaa na adabu zake?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

Akaitazama sindano yake. "Yangu nimeifunika turubai nyuma ya banda la nguruwe. Ni mwezi sasa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nilikwenda shamba Jumapili kuchimba taro. Nikajua ndiyo malipo yangu."

Mama Upokoina akatupa kitambaa. "Jamani, mimi nilidhani ni wifi yangu. Tangu ile kesi ya kiwanja ananitazama kwa jicho baya. Nimeacha kumsalimia mwanamke wa watu, kumbe ni pikipiki."

Sote tukageuka kwa Mama Tungane. Yeye kwa wiki kadhaa alikuwa anakuja kwa miguu, viatu vyeupe vya michezo, akituambia daktari amemshauri atembee.

"Msinitazame," akasema.

"Daktari je?"

"Daktari gani. Limegoma, lile dude limegoma."

Tulicheka mpaka Mama Upokoina akajichoma sindano. Lakini tulipotulia tukaona aibu ilivyotufunga. Pikipiki ziliombewa mbele ya watu wote. Nani angekwenda kumwambia mchungaji kwamba baraka yake imekwisha muda pamoja na waranti? Kila mmoja alidhani zimebarikiwa zote isipokuwa yake, akatafuta dhambi inayolingana nayo, na mwenye kutafuta dhambi kwake hakosi.

Mama Moeroa akachukua kipande cha kitambaa, akakikunja mara mbili, mara nne, kama anavyofanya akitaka kutukatia maua.

"Poko, nikikosea kukata hapa, ua gani litaharibika?"

"Yote, mama. Umekata mara moja, yanafunguka yote na kasoro ile ile."

"Basi hiyo si chumvi," akasema. "Na wala si taro yangu ya Jumapili. Kuna mtu alikunja akakata vibaya huko zilikotoka. Kesho tunakwenda mjini."

Tulikwenda kwa pikipiki zenyewe. Wasiwasi wangu ulikuwa juu, lakini Mama Tungane alisema mgonjwa hupelekwa hospitali mwenyewe, haipelekwi picha yake. Gauni moja, maua kwenye helmeti, mwendo wa kobe. Kairangi akiendesha, mimi nyuma yake nimemkumbatia. Hata hivyo tulipofika Nikao zikaanza kukaza, moja, nyingine, nyingine, tukaziegesha kwenye ukuta wa bahari zipoe. Polisi akapita akapunguza mwendo.

"Kia orana, akina mama. Kuna msiba?"

"Bado," akasema Mama Tungane. "Tunaelekea."

Tulipofika tukazipanga mbele ya duka, ubavu kwa ubavu, mlango ukabaki upenyo wa mtu mwembamba. Papa Kautai akatoka, akazitazama, nikamwona anahesabu kimoyomoyo.

"Kumbe leo ni sikukuu na sikuambiwa."

"Ni kliniki," akasema Mama Moeroa. "Zote zinaumwa ugonjwa mmoja."

"Mama zangu, nilishamweleza Mama Poko. Chumvi."

"Mimi nakaa bondeni huko juu," akasema Mama Upokoina. "Bahari naiona nikija kanisani. Chumvi yangu ni ya kwenye kopo."

"Sawa, lakini waranti ni waranti. Sikuiandika mimi."

"Hatujasema uliiandika," akasema Mama Tungane. "Wewe endelea na kazi. Sisi tutasubiri."

Akaashiria kwa kidevu. Tukaingia ndani, tukalitandaza shuka letu sakafuni katikati ya pikipiki mpya, tukakaa kulizunguka, tukatoa sindano. Papa Kautai akasimama akitafuta pa kukanyaga, maana hakuna mtu wa kisiwa hiki atakayekanyaga tivaevae ambayo mikono ya mama zake bado inaishona. Akapita ukutani kiupandeupande kama kaa, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Wateja walikuja wakatukuta. Wengine waliondoka. Wengine walikaa kusikiliza, kwa sababu tulikuwa tumeanza kuimba.

Nyimbo zetu za kanisani zina sehemu zake. Wanawake wanapanda juu, na kule chini wanaume wananguruma, hm, hm, ndio wanaoubeba wimbo. Ukitoa ngurumo, wimbo ni kama meza isiyo na mguu. Mama Tungane akachagua ule ambao Papa Kautai huongoza besi. Tukauimba, na kila tulipofika mahali pake tukanyamaza, tukamwachia nafasi yake wazi, halafu tukaendelea. Ubeti wa kwanza kimya. Wa pili, nikasikia mguu unagonga sakafu kule ofisini. Wa tatu tulipoacha ile nafasi, kutoka nyuma ya mlango ikaja, chini chini, kama ng'ombe aliyefungiwa: hm, hm, hm.

Mama Tungane akainua sindano. Tukanyamaza.

"Papa Kautai. Besi iko ndani na sisi tuko nje, wimbo umekaa vibaya. Toka, baba."

Akatoka akijifuta jasho. "Mnanionea. Mnataka nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Fungua injini moja. Hapa, tuone wote. Ikiwa ni chumvi tunakunja shuka letu tunaondoka, na hutatusikia tena."

"Na ikiwa si chumvi?"

"Utakuwa na macho kama sisi."

Papa Kautai akageuka. Kisha akaita, "Sakiusa. Fungua ya binti."

Nisikudanganye, mama mwenzangu, hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Kama ingekuwa chumvi kweli? Kairangi alisimama kando amekunja mikono, uso wake ni ule wa mtu aliyekwisha panga begi. Kila nati iliyotoka niliisikia moyoni. Sakiusa akafungua kichwa cha injini, akakiweka juu ya gazeti. Ile shafti ya juu inayofungua vali za injini ilikuwa imeungua, rangi ya sufuria iliyosahauliwa motoni. Kavu.

Papa Kautai akadakia. "Si hiyo? Hamkuweka oili."

Sakiusa akachomoa kijiti cha kupimia, akamwonyesha. Oili ilikuwa imejaa, safi.

"Oili ipo chini, bosi. Haikupanda."

"Isipande kwa nini?"

Fundi akabandua taratibu gasketi, kile kijikaratasi cha kuzibia kati ya vyuma, akaifuta, akairudisha mahali pake na kutuita tusogee. Kwenye chuma kulikuwa na tundu ambalo oili hupandia. Kwenye gasketi tundu lilikuwapo pia, lakini lilitobolewa pembeni, likaacha mwanya mwembamba kama mwezi mchanga.

"Ikiwa mpya huu mwanya ulitosha," akasema Sakiusa. "Halafu uchafu wa oili ukawa unaziba kidogo kidogo. Mwaka mzima. Sasa haipiti kitu, huku juu panaungua."

"Hiyo ni moja," akasema Papa Kautai. Lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Fungua yangu," akasema Mama Moeroa.

Ikafunguliwa. Shafti imeungua. Gasketi ikatoka, Sakiusa akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Kosa likakaa juu ya kosa, hata unywele haukuzidi. Akaleta na gasketi nyingine kutoka kabatini, ya mzigo uliokuja baadaye, akailinganisha. Hiyo tundu lake lilikuwa katikati panapostahili.

Papa Kautai akakalia pikipiki mpya, ikalalamika chini yake.

"Papa," nikamwambia, "mtoto akizaliwa na kasoro, kasoro hiyo haianzi siku anapotimiza mwaka."

Akatikisa kichwa. "Ningekuuzia injini nzima, Mama Poko. Kwa kijikaratasi hiki." Akanitazama usoni. "Niliwachekesha watu kwa shida yako, na haikuwa kichekesho. Nisamehe."

Kisha akachukua simu, akampigia wakala wa Auckland aliyemletea zile pikipiki, akaiweka sauti wazi tusikie wote. Yule mtu akaanza wimbo ule ule, waranti, tarehe, anasikitika. Papa Kautai alimwacha amalize. Halafu akatumia besi.

"Bwana, sikia. Nimefungua mbili, zote zimetobolewa vibaya huko huko zilikotengenezwa. Hilo lilikuwamo siku unaniuzia. Hapa dukani kwangu wamekaa akina mama wa kanisa langu, na uzi walio nao utafika Krismasi. Mimi sitawatoa. Nimeoa katika kijiji chao."

Wakala akaomba picha. Sakiusa akapiga, Mama Moeroa akishikilia gasketi mbili kifuani kama mtu aliyepata medali. Tukatoa taro na samaki wetu wa tui tukala pale pale, tukamlisha na Papa Kautai. Mchana simu ikalia. Gasketi na shafti za kontena lote zitakuja kwa ndege, na kazi ya fundi italipwa na wao. Wenye pikipiki za kijani wasitoe kitu.

Hatukupiga makelele. Mama Tungane alisema tu, "Ubeti wa mwisho," tukasimama, na safari hii besi ilikuwa nje pamoja nasi. Vioo vya duka lile vilitikisika. Watu walitoka benki ya jirani kuja kuona.

Wiki ile mume wa Mama Upokoina alimpeleka Kairangi kazini na gari lake la mizigo, na Papa Kautai akawatafuta watu wa vijiji vingine walionunua kontena lile, akawaambia wasiendeshe mpaka waje. Vipuri vilipofika, ya Kairangi ilikuwa ya kwanza kufungwa. Sakiusa aliiwasha, akafungua kile kifuniko kidogo cha juu, akaniita. Nikachungulia nikaiona oili inapanda, inang'aa, inalowesha kila kitu. Sijawahi kuona maji ya mto yakanifurahisha vile.

Kairangi alikuwa uani kwenye simu. "Tutai," nilimsikia, "hicho kitanda mpe mtu mwingine. Eh. Hapana, siji. Nina kazi."

Ndiyo maana nakuandikia. Mama, chombo chako kikizima usikae peke yako nyuma ya banda la nguruwe ukitafuta dhambi yako. Sema. Muulize jirani aliyenunua kama chako. Hukuona haya kununua mbele za watu, basi usione haya kulalamika mbele za watu. Na anayekwambia tarehe imepita, mwambie akufungulie, aone ugonjwa ulianza lini.

Siku ile Kairangi aliniambia nipande nyuma, tuijaribu. Nilidhani tutafika Nikao turudi. Tukapita Nikao, tukapita nyumbani kwetu Arorangi bila hata kupunguza mwendo, jirani akapunga mkono na sisi tumeshapita. Tukafika Titikaveka, mahali ilipokuwa ikikaza, nikafumba macho, nikaanza kuomba. Nilipofumbua tulikuwa Muri.

"Simama kidogo ipoe," nikamwambia.

"Haitaki kupoa."

"Kairangi, unakimbia mno."

"Siku zote ulikuwa unaomba isizime."

"Niliomba isizime, sikuomba iruke."

Akacheka, nikakisikia kicheko chake mgongoni kwake, pale nilipoweka shavu. Akaongeza mwendo. Nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili, taji langu la maua likang'oka na upepo, nikaliacha liende.